Mbeleko ya Jiwe la Msingi

Godoro la muuza mkaa lilikuwa na bonge upande wa kichwani, na Mama Pamba alilijua kwa kiganja kabla hajalifumua. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote: alifumba macho, akapitisha mkono juu ya kitambaa polepole, akajua pamba imejikunja wapi na mwenye godoro analalia ubavu gani. Siku hiyo alikuwa ameketi barazani kwake, ameibana sindano ndefu kwa meno, saa kumi na moja na nusu jioni, jiwe la msingi lilipoanza kulia ng'ambo ya barabara.

Halikulia kwa fujo. Lililia kama mtoto aliyekwisha kulia sana akajua hakuna anayekuja: kidogo, likanyamaza, kidogo tena.

"Unasikia?" aliuliza muuza mkaa, aliyekuwa kwenye ngazi akisubiri godoro lake.

"Nasikia."

"Litakuwa meno."

"Miaka tisa, meno gani tena? Litakuwa baridi."

"Basi nenda ukalinyonyeshe, mama yangu. Mimi sina haraka. Nilivyolala na hilo bonge mwaka mzima, nusu saa itanifanya nini?"

Mama Pamba alichomeka sindano kwenye kitambaa, akavuka barabara.

Jiwe lenyewe lilikuwa bamba jeusi la kung'aa, ukubwa wa mtoto wa miezi sita, limesimamishwa juu ya saruji katikati ya kiwanja kitupu. Lilichongwa neno zahanati kwa herufi kubwa, kisha tarehe, kisha jina la Mheshimiwa na vyeo vyake vyote. Mheshimiwa aliliweka mwenyewe, kwa mwiko mpya wenye mpini mwekundu, akipaka saruji kama mtu anayempakia mgeni siagi kwenye mkate. Kitinda, binti wa mwisho wa Mama Pamba, alikuwa na miaka kumi wakati ule, na ndiye aliyechaguliwa kumpa maua. Mheshimiwa alimwekea mkono kichwani akasema kwenye kipaza sauti, "Huyu mtoto mnayemwona, wanawe watazaliwa ndani ya nyumba hii." Watu wakapiga makofi. Mama Pamba naye alipiga, mpaka viganja vikamwasha. Mwiko ulirudi kwenye gari. Baada ya siku hiyo hakuja mtu na tofali hata moja.

Sasa Kitinda alikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya miezi minane. Mumewe alikuwa machimboni, mbali. Hospitali ilikuwa mjini, mwendo wa kilomita ishirini na sita, na kule walimwambia vitanda havitoshi, arudi uchungu ukianza. Lori la kwenda mjini liliondoka Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Mama Pamba alijua habari za lori hilo. Miaka minne nyuma alikaa humo juu ya magunia, ameshika kichwa cha binti yake mkubwa, na walipofika darajani, nusu ya safari, hakikuwa tena kichwa cha mtu aliye hai. Mtoto hakuwahi kutoka tumboni. Habari hiyo Mama Pamba hakuizungumza. Aliichukua pamba akaipiga kwa fimbo zake mbili, na majirani wakisikia zile fimbo walijua leo amekumbuka.

Aliweka kiganja juu ya jiwe. Upande mmoja lilikuwa na joto, kama godoro ambalo mtu ameinuka sasa hivi. Alilipigapiga mgongoni, likanyamaza. Alipoondoa mkono, likaanza tena. Basi akalishika kwa mikono miwili akalivuta, nalo likatoka bila kushindana, maana ile saruji ilikuwa mchanga mtupu na rangi. Akafungua kanga yake ya kiunoni, akaliweka mgongoni, akaifunga mbeleko.

"Mama, umeokota nini?" aliuliza Kitinda, aliyekuwa mlangoni ameshika kiuno.

"Sijaokota. Lilikuwa linalia."

"Aa. Na litalala wapi?"

"Nitalishonea kigodoro."

Alilishonea kutokana na mabaki ya godoro la muuza mkaa. Usiku halikusumbua. Jioni tu, saa kumi na moja na nusu, lilitaka kubebwa, na kupanguswa herufi kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kitinda alizoea kulipakata juu ya tumbo lake akiwa amekaa, na mtoto aliyemo ndani alilipiga teke kwa upande wa pili.

Nesi mstaafu wa mtaa ule, ambaye wote walimwita Shangazi Nesi, alikuja kumpima Kitinda akaliona jiwe.

"Huyu ana baba," alisema akivaa miwani. "Jina si hili hapa? Mtoto akilia, apelekwe kwa baba yake. Usijitie kulea vya wenyewe na mjukuu wako yuko njiani."

"Na baba yake akimkubali?"

"Akimkubali atamjengea. Hata ukuta mmoja na friji ya dawa. Mimi nitamzalisha vipi kwenye giza, dada? Nina glavu pea moja."

Mama Pamba alipanda lori la Alhamisi, jiwe mgongoni. Kwenye ofisi za serikali alipokewa na karani aliyeitwa Bwana Muhuri, kwa sababu muhuri wa ofisi aliuweka kwenye mfuko wa shati, karibu na moyo, na mashati yake yote yalikuwa na duara la wino mahali hapo.

"Anasumbua?" aliuliza karani, akichungulia mbeleko.

"Jioni tu."

"Wa kwangu hivyo hivyo. Mpake mafuta ya uvuguvugu." Kisha alilisoma jiwe tangu juu hadi chini, akasikitika kweli. "Baba yake huyu amehamishwa wizara, mama."

"Amehama na vitu vyake?"

"Vyote. Hata mapazia."

"Na huyu?"

Karani akafungua jalada, akapitisha kidole kwenye orodha. "Huyu hayumo kwenye vitu."

Akamwelekeza ofisi ya afya. Afya wakasema majengo ni ya ujenzi. Ujenzi wakasema wao hawagusi kitu ambacho mipango hawajakipanga. Mipango wakasema walishapanga zamani, waulizwe afya. Hakuna ofisi iliyomfukuza. Kote walimpa kiti, kote waliomba walipakate kidogo. Mkuu wa mipango, mtu mzima mwenye mvi na sauti nzuri, alilitembeza dirishani akilionyesha magari mpaka likasinzia. Mama Pamba alipomwomba atie sahihi kwamba ni la ofisi yake, mzee yule aliliweka mezani taratibu lisiamke, akamsogelea akanong'ona:

"Sahihi, mama yangu, hapana."

Bwana Muhuri ndiye aliyeona huruma zaidi. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kwa pikipiki, na fomu ya ukaguzi. Alisimama kwenye kiwanja kitupu, akaangalia kile kishimo cha mchanga, akaandika. Mama Pamba alivuka barabara kumsalimu, jiwe likiwa mgongoni.

"Umeandika nini, baba?"

"Nimeandika jiwe halipo. Kwa hiyo mradi haujaanza."

"Jiwe si hili hapa?"

"Hapo mgongoni, mama, lipo, nami nimelisalimu. Lakini fomu inauliza kiwanjani." Alipuliza wino ukauke. "Kama ungeliacha mahali pake, mradi ungekuwa mwaka wa tisa. Sasa itabidi uanze upya."

Alipoondoka, Mama Pamba alibaki amesimama na kosa lake. Akalifungua jiwe mbeleko, akalirudisha kwenye kishimo, akalishindilia mchanga kwa miguu, akarudi barazani. Fundi wa magodoro anajua kurudisha kitu mahali pake. Saa kumi na moja na nusu likaanza. Alichukua fimbo akaipiga pamba, na kadiri alivyopiga ndivyo alivyosikia. Kitinda akatoka ndani, anatembea kama aliyebeba ndoo.

"Mama, lirudishe ndani."

"Wakija tena walikute."

"Miaka tisa lilikuwa pale pale, walilikuta? Dada alipita mbele yake juu ya lori, likiwa pale pale. Lirudishe, baridi hiyo."

Mama Pamba alivuka barabara akiwa anakimbia.

Uchungu wa Kitinda ulianza Jumanne saa nne asubuhi. Lori lilikuwa limeondoka jana yake. Muuza mkaa alikwenda kutafuta gari kwa mwenye duka, kwa mwalimu, kwa mwenye mashine ya kusaga, akarudi na mkokoteni wake mwenyewe aliokwisha kuuosha. Shangazi Nesi aliuangalia ule mkokoteni, akaangalia barabara, akasema, "Leta maji ya moto."

Mtoto alitoka saa nane, wa kike, akalia papo hapo kwa hasira kama aliyecheleweshwa. Damu ya mama yake haikukatika. Shangazi Nesi alikanda tumbo kwa mikono yote miwili, jasho likamdondoka puani. Godoro jipya, ambalo Mama Pamba alilipiga pamba kwa siku nne lisiwe na bonge hata la ukubwa wa punje, lilikunywa likatosheka.

"Hapa panataka sindano," alisema Shangazi Nesi. "Ile inayokaa kwenye friji."

"Friji iko wapi?" aliuliza Kitinda kwa sauti ndogo.

"Ng'ambo ya barabara, mwanangu," alisema mama yake. "Pale ilipotakiwa kuwa."

Alikuwa ameshika kichwa cha Kitinda. Alikijua kile kichwa kinavyoanza kuwa kizito. Jiwe lilianza kulia kwenye kigodoro chake, ingawa jioni ilikuwa bado. Mama Pamba alilichukua, akalipangusa, akalisukuma taratibu chini ya kiuno cha binti yake, upande wa maandishi juu. Jiwe likapata joto, kisha moto, kama pasi iliyotolewa makaa sasa hivi. Halikunyamaza. Lililia muda wote huo, na damu ikapungua, kidogo, tena kidogo, na saa kumi na moja na nusu jiwe lilipokaa kimya, damu nayo ilikuwa imekatika.

Shangazi Nesi alivua glavu zake, akazifua, akazianika kwenye kamba.

Kiunoni kwa Kitinda paliachwa neno zahanati, herufi zote, kinyumenyume. Halikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta. Hiyo ndiyo zahanati pekee ambayo mtaa ule umewahi kuiona, na wanawake wenye mimba walikuja kuigusa kwa vidole, wakaaga, wakaenda zao.

Jioni ile ya kujifungua, Mama Pamba alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema. "Dada yako naye angekuwa na jiwe..." Akamweka mjukuu sawa kifuani. "Hapana. Angekuwa na zahanati."

Ilichukua miezi miwili Kitinda kuweza kusimama bila kushika ukuta. Mwezi wa tatu likapita gari la matangazo, likifuatiwa na viti vya kukodi na zulia. Mheshimiwa mpya alikuwa anakuja kuanzisha mradi wa zahanati, kwa kuwa ukaguzi ulionyesha haujawahi kuanza. Bwana Muhuri alikuwepo, ameshika mwiko mpya. Mpini wake safari hii ulikuwa wa bluu.

Mtoto wa shule alisimama mbele na maua, soksi zake nyeupe zimevutwa mpaka magotini. Mama yake alikuwa nyuma yake anamnyooshea kola. Mama Pamba alimsogelea.

"Huyu ana miaka mingapi?"

"Tisa, mama."

"Anza kumwekea pamba mapema."

Yule mama alidhani fundi anatafuta mteja wa godoro la arusi, akacheka. "Aolewe kwanza, bibi!"

Mheshimiwa alipaka saruji, akanyanyuka, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. "Huyu mtoto mnayemwona," alisema, "wanawe watazaliwa ndani ya nyumba hii." Makofi yakapigwa. Kitinda, mwanawe mgongoni, hakupiga. Mama Pamba alipita katikati ya viti mpaka mbele, akafungua mbeleko.

"Mheshimiwa, huyu ni kaka yake hilo uliloweka. Tunaomba umtambue."

Mheshimiwa alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwenye upendo. Alilisoma, akalipigapiga mgongoni, akalibusu juu ya jina la mwenzake, akapigwa picha upande huu na upande huu.

"Mzuri sana," alisema. "Mlee vizuri, mama."

Akamrudishia, akapanda gari. Mwiko nao ulipanda gari. Zulia likakunjwa, viti vikahesabiwa, watu wakaenda kupika.

Saa kumi na moja na nusu Mama Pamba alikuwa barazani na godoro la mwalimu mapajani. Jiwe lake lilikuwa limelala kwenye kigodoro, karibu na mjukuu, na mjukuu alikuwa amelishika ukingo. Ng'ambo ya barabara pakasikika sauti, nyembamba, mpya, haijazoea.

"Hili limeanza siku ya kwanza," alisema muuza mkaa.

"Wa siku hizi hawasubiri," alisema Mama Pamba.

Kitinda alikuwa tayari amesimama mlangoni na kanga nyingine. Mama yake aliipokea, akavuka. Saruji ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo halikumpa taabu kutoka. Alilipangusa usoni kwanza, kwa ncha ya kanga, kama anavyopanguswa aliyezaliwa sasa hivi, kisha akaliweka mgongoni.