Rolig Kifuani

Siku hiyo mjinga alikuwa Haroun, na hata leo ukimuuliza hakatai.

Alikuwa stoo kwake, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, kajilaza juu ya marobota, viatu kavua, miguu imemvimba kwa ngazi za Kangle, mtaa wa viwanda vya nguo. Uchovu ulimkaa mpaka kwenye kope. Ndipo akaingia Hasna, mtoto wa Unguja anayesomea uzamili hapa Guangzhou, aliyewahi kusoma Uswidi. Haroun akajikongoja kuinuka ampishe.

"Starehe, kaka, starehe," Hasna akamwambia, akaketi juu ya ndoo.

Haroun akajibwaga tena. "Mwalimu, umeniua. Kuluthumu kanipigia simu analia."

Kuluthumu ni mdogo wake, kaolewa Norwei, na ndiyo kwanza kapata oda: pajama za wazee waliopotewa na kumbukumbu. Alituma neno moja la kuchapwa kifuani, ROLIG, na chini yake akataka iwekwe picha inayoendana nalo. Haroun akamuuliza Hasna maana yake. Hasna akamjibu: raha, mambo ya kufurahisha. Basi Haroun akachapisha vikongwe wanaserebuka, huyu kashika kiuno, yule kapuliza tarumbeta.

"Kumbe ni utulivu! Wazee wa watu walale, mimi nimewachapia harusi. Kontena linafungwa kesho, na hizi zikifika hivi, oda wanampa mwingine."

"Uliniuliza 'kwa lugha ya kule kwenye baridi', kaka. Mimi nilikaa Uswidi, nikakupa ya Uswidi. Norwei na Denmark ni utulivu. Neno ni lilelile, limetokana na *ro*, mapumziko. Waswidi walipumzika wakanogewa, likawa raha."

"Basi aliyekosea ndiye aende Kangle kumwangukia bosi azichape upya. Mimi akiniona tu ni *meiyou*, hakuna, sijafika hata mlangoni. Nenda wewe."

"Mimi?"

"Wewe na Waswidi wako! Ningejuaje mimi? Neno la kulala, hilohilo liwe la kucheza! Kuna watu wenye akili zao wanaosema hivyo?"

Hasna akaviokota viatu vya Haroun, akaviweka mbele yake.

"Nilipoingia nilikwambia starehe. Mbona ulilala, hukukata mauno?"