Njia Iliyokufa Kibugu

Mti ulioangukia mlingoti wa Kibugu ulikata mtandao wa kijiji kizima, lakini kule Runyenjes ruta, mashine ya kuelekeza ujumbe, iliendelea kuapa kwamba njia ya Kibugu ipo. Winfred, fundi wa mtandao huo, aliitazama kwa hasira. Ruta ya Runyenjes ilidai Kibugu hufikiwa kupitia Embu mjini. Ya Embu nayo ilidai hufikiwa kupitia Runyenjes. Ujumbe wa watu ulirushwa huku na huku kati ya hizo mbili mpaka ukapotea.

Ruta hupashana habari za njia kama majirani, na adabu yao ni moja: ulichoambiwa na jirani, usimrudishie yeye mwenyewe kama habari mpya. Mashine zilipobadilishwa kanuni hiyo ilizimwa, na hakuna aliyekumbuka kuiwasha. Runyenjes ilipoipoteza njia ya Kibugu, Embu ikairudishia maneno yake yenyewe, nayo ikayaamini. Winfred akaiwasha kanuni. Njia ikafutika pande zote mbili, na skrini ikasema ukweli: Kibugu haifikiki.

Badala ya kufurahi, akamkumbuka mama yake.

Kaka yake Njagi alisombwa na mto wakati wa masika. Pikipiki ilipatikana, yeye hakupatikana. Kanisa lilipanga ibada ya kumuaga Jumamosi hii, mama akakataa katakata. Shangazi yao, Tata Kaari, aliyeolewa Kangeta, alikuwa amepiga simu: kijana ameonekana soko la miraa, kavaa sweta ya kijani yenye kola nyeupe. Mama aliipokea habari hiyo kwa mikono miwili. Majirani nao wakamtia moyo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Haya basi, nani angemnyang'anya tumaini hilo?

Winfred akapiga simu Kangeta.

"Tata, ni nani alimuona Njagi na macho yake?"

"Ni wale wamama wa soko."

"Walijuaje ni yeye?"

"Si mimi niliwauliza kama wameona kijana wa sweta ya kijani, kola nyeupe? Wakasema ni kama wamemuona."

"Na hiyo sweta, nani alikuambia?"

"Mama yako. Alikuwa amemuota akiwa huku kwetu, ameivaa." Tata Kaari akamwita Mungu polepole, "Ngai."

Winfred alipanda boda boda mpaka nyumbani kwa mama, Kibugu, maneno ameyapanga kichwani. Alimkuta mama ameketi mlangoni, anafuma. Akaona kilichokuwa mapajani mwake, na yale maneno yote yakamtoroka. Ilikuwa sweta ya kijani, kola nyeupe, mkono mmoja bado.

"Ni ya Njagi," mama akasema. "Nilianza wiki ile alipotea. Akirudi asikute baridi."

Winfred akachuchumaa karibu naye. Alitamani kunyamaza, lakini aliogopa zaidi kumwacha aendelee kungoja.

"Mama, huyo wa Kangeta alikuwa amevaa sweta gani?"

Mama akafungua mdomo kujibu. Sindano zikasimama. Aliitazama ile kazi yake, akapapasa kwenye bega, pale ambapo mkono wa pili haujaanza.

"Ambia mchungaji Jumamosi iko sawa," akasema. "Lakini wacha kwanza nimalize huu mkono."