Mbunge wa Alama Mia

Hezron alikuwa mlinzi wa ghala huko Shumaisi, Riyadh, na katibu wa chama cha wafanyakazi Wakenya. Alikuwa pia na diploma ya siasa. Ziara ya wabunge wawili ilipotangazwa, alichagua kura kumi za bungeni zilizohusu uhuru wa wafanyakazi walio ng'ambo, akawapima wabunge hao kwenye fomu aliyoichora mwenyewe. Ndiyo ilikuwa alama kumi. Hapana ilikuwa sifuri. Kutokuwepo pia kulikuwa sifuri, kwa sababu langoni kwake mlinzi asiyeonekana hana la kujitetea.

"Elly ana mia," alimwambia Rispah kwa simu. "Mliberali halisi. Charity ana arobaini. Mara sita hakuwepo."

"Alikuwa wapi?"

"Fomu haina nafasi ya hilo, dada."

Rispah alifanya kazi za nyumbani Al-Hamra, Jeddah. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, lakini kafili, mwajiri aliyemdhamini, hakutaka kumpa hati ya kutoka nchini, na bintiye Ashley angeolewa baada ya wiki tatu. Chama kiliruhusiwa kuwasilisha ombi moja tu, kwa mbunge mmoja. Ijumaa Rispah alikwenda na barua yake kwenye hoteli ya Jeddah walikofikia wabunge, akampa wa alama mia.

"Mheshimiwa, kafili amenizuia."

"Ndiyo," alisema Elly kwa huruma.

"Utazungumza na ubalozi?"

"Ndiyo, ndiyo."

Rispah alimtazama. "Au nibaki tu hapa mpaka nizeeke?"

"Ndiyo kabisa, mama."

Rispah aliichomoa barua mkononi mwa mbunge. Elly hakupinga. Hakuwa amewahi kupinga kitu.

Charity alikuwa kwenye meza ya chai. Alisoma mistari mitatu. "Namba ya ikama, kibali chako cha ukaazi? Mkataba uliisha lini?"

"Mheshimiwa, una arobaini," Rispah alimwonya.

"Arobaini ya nini?"

"Kura. Mara sita hukuwepo."

"Nilikuwa uwanja wa ndege, nikipokea akina mama kama wewe. Njoo nje, humu kuna kelele."

Alimpigia afisa wa ubalozi, akakataa kukata simu mpaka atajiwe siku.

Ndani, picha ya pamoja ilipigwa, ikatumwa Riyadh papo hapo. Hezron akamwandikia Rispah: "Charity hayumo pichani. Namwondolea alama tano."

"Yuko nami nje," Rispah alijibu. "Jumanne kafili anaitwa ubalozini, hati itoke."

Hezron aliikagua fomu yake upya.

"Fomu haina nafasi ya hilo," aliandika. Kisha: "Subiri, nachora safu nyingine."