Mfa Maji Aliyemkimbia Mkwewe

Kama ungemuuliza Benadeta kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na nane, mwenye wajukuu wanne na goti moja linalotabiri mvua, alikuwa anakimbia mchakamchaka saa kumi na mbili asubuhi kandokando ya bwawa kule Nyabiyonza, angekujibu kwa neno moja: maji. Kwao Mabira kuna lambo. Lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, lakini watu ndio wanaolitegemea zaidi, na masika iliyopita mtoto mmoja aliteleza akatumbukia. Mchungaji alimvuta kwa fimbo yake, akatoka mzima, tumbo limejaa. Serikali ya kijiji ikakaa na kuamua kwamba lambo litazungushiwa uzio na kufungwa, isipokuwa kijiji kikipata watu wawili waliofunzwa uokoaji wa kulilinda. Likifungwa, maji yanayobaki ni ya kijito kilicho nyuma ya kilima, mwendo wa saa moja na nusu. Huko ni kwenda. Kurudi na dumu kichwani usiulize.

Mkutanoni, ilipoulizwa nani yuko tayari kusomea kazi hiyo, vijana walianza kuchunguza viatu vyao. Benadeta alizaliwa kando ya mto Kagera, binti wa mvuvi, akajua kuogelea kabla ya kujua kumenya ndizi. Tangu aolewe, mwaka wa thelathini na tano huu, hakuwahi kuingia majini mbele ya watu, maana mke wa mtu mwenye heshima zake haonekani akipiga mbizi. Alinyoosha mkono. Watu wakacheka, na mumewe Athanasi akacheka kuliko wote, kisha akafuta machozi na kusema nyumbani atabaki yeye, migomba haitalia. Mkono wa pili ulionyooka ulikuwa wa Mugisha, na hapo ndipo penye kisa, kwa sababu Mugisha ni mume wa Ainembabazi, binti yake Benadeta.

Ziko nyumba siku hizi ambamo mama mkwe na mkwewe wa kiume wanakula sahani moja na kutaniana. Nyumba ya Benadeta haimo. Alilelewa akijua kwamba mkwe wa kiume humtazami usoni, humpi mkono, hamketi mkeka mmoja, na mkikutana njiani mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Kwa miaka tisa salamu zao zilibebwa na Ainembabazi: "Mama, anakuamkia," na jibu, "Mwambie marahaba." Na hapo wote watatu wako ua mmoja. Asidhani mtu kwamba kulikuwa na chuki. Benadeta alimpenda sana yule kijana, mkulima hodari wa kahawa, asiye na mkono mwepesi wala mdomo mchafu. Kwao heshima ilipimwa kwa umbali, na hawa wawili waliheshimiana kupita kiasi.

Mafunzo ya Nyabiyonza yalikuwa ya siku kumi, washiriki ishirini kutoka vijiji mbalimbali, wakilala katika madarasa ya shule iliyokuwa likizo. Mwalimu aliitwa Seif, mtoto wa wenye maduka pale Kayanga, ambaye babu zake walitoka pwani na yeye mwenyewe alisomea uokoaji Mwanza. Alikuwa mkali kama pilipili. Kila asubuhi alimwamkia Benadeta shikamoo kwa adabu zote, kisha akamkimbiza kama wengine.

Siku ya kwanza Benadeta alimeza maji ya kutosha kupikia maharage. Ya pili hakuweza kuinua mikono kusuka nywele zake, na ya tatu goti lilivimba, akalikanda kwa maji ya moto na kulitukana kwa Kinyambo ili watu wa mbali wasielewe. Wenzake wengi walikuwa na umri wa wanawe. Vijana wawili wa Kimuli, wenye vifua kama milango, walimbandika jina la Bibi Kambare, na hawakuwa wanamsifu.

Jina hilo lilikuja kuwa la sifa siku ya nne, siku ya tofali. Ilikupasa upige mbizi mpaka chini, ulitoe tofali, kisha ukae nalo dakika mbili katika kina kirefu, lisiguse maji, ukielea kwa nguvu za miguu. Vijana walilishika mikononi, wakatetemeka, wakazama nalo mmoja baada ya mwingine. Benadeta aliibuka nalo, akalitua kichwani kama dumu, akanyoosha shingo, na mikono yake ikawa huru kupapasa maji taratibu. Alipotimiza dakika mbili aliuliza kama bado. Seif alipekua daftari lake la masharti akitafuta panapokataza kichwa, hakupaona. Jioni ile Benadeta alikula ndizi na maharage akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu usichana wake. Mwili ulimuuma kila mahali, na kila mahali palipouma alipajua palikuwa pake.

Na Mugisha je? Wawili hao walikuwa wamejipanga bila kusemezana. Yeye alikimbia mbele kabisa, mama mkwe nyuma kabisa. Yeye alikula mwisho huu wa ukumbi, mama mkwe mwisho ule. Wenyeji wenzao waliona wakanyamaza, kwa kuwa si jambo la kusemwa, na Seif hakujua lolote.

Siku ya tisa ukafika mtihani mkubwa, wa kumtoa majini mtu mzima aliyezimia na kumvuta mita arobaini mpaka ukingoni. Seif aliwapanga wawili wawili kwa vijiji vyao. Aliposoma, "Mabira: Mama Benadeta na Mugisha," wenyeji walitazamana. Benadeta alingoja Mugisha aseme neno. Mugisha naye alingoja mama aseme. Kumweleza mgeni mambo ya ukwe hadharani ni aibu juu ya aibu, basi hakuna aliyesema.

Mugisha akaenda katikati ya bwawa, akatapatapa kama alivyofundishwa, akalegea. Filimbi ikalia. Benadeta aliogelea vizuri, kichwa juu, macho kwa anayezama, mpaka zikabaki kama hatua mbili. Hapo Mugisha akafungua jicho akamwona. Miaka tisa ya adabu haiondoki kwa sababu mtu amelowa. Maiti yule aligeuka, akapiga mikono, akasogea mbali. Benadeta akamfuata. Akasogea tena. Wakazunguka nusu nzima ya bwawa, mwokoaji nyuma, marehemu mbele, huku vijana wa Kimuli wakicheka mpaka wakakaa chini. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Hawakuacha neno juu ya mfa maji anayemkimbia mwokoaji. Na tusimwonee Mugisha peke yake. Alipokwama kwenye matete akawa hana pa kwenda, ni Benadeta aliyenyoosha mkono, akautazama, akaurudisha. Walirudi ukingoni kila mtu kwa njia yake.

Seif hakucheka. Aliwaita pembeni akauliza kulikoni, na Benadeta, akiongea na nyasi, akamweleza. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi kwa kutojua, akasema hata kwao mkwe ana mipaka yake.

"Mama, naweza kukubadilishia mwenza sasa hivi na utafaulu," alisema. "Lakini lambo lenu mtalilinda ninyi wawili peke yenu. Siku mmoja akibanwa na msuli katikati ya maji, nani atamtoa? Siwezi kutia saini kitu nisichokiona."

Akawapa nafasi moja, kesho asubuhi. Ama wote wawili, ama hakuna.

Alasiri Benadeta alikaa nyuma ya darasa akampigia simu Ainembabazi. Alimweleza yote, na binti akacheka kwanza, tena sana, akisema yeye humshika mtu huyo kila siku na hajawahi kuvunjika. Benadeta hakucheka. Alisema kuna mambo hayavukwi, na kwamba afadhali ashindwe. Lakini alipolitaja neno hilo aliwaona wanawake wa Mabira wakipanda kilima na madumu, na yeye miongoni mwao. Ainembabazi naye akawa ameacha kucheka.

"Mama," alisema, "siku akizama kweli, utakuja kuniambia nini? Kwamba ulimheshimu?"

Benadeta aliulizia wajukuu, akauliza kama ng'ombe anakamulika, akakata simu. Aliona aibu, na kwa mara ya kwanza haikuwa aibu ya ukwe.

Asubuhi alimkuta Mugisha amesimama ukingoni, amewapa watu mgongo. Alikwenda akasimama hatua mbili nyuma yake, macho kwenye maji, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Baba Kobusinge," alimwita, kwa jina la mtoto.

Mabega ya Mugisha yalikauka. Kisha akayaambia maji, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisikilize. Mkwe wangu anabaki hapa nchi kavu pamoja na viatu vyake. Anayeingia humo ni mfa maji tu. Na mfa maji akinikimbia leo, nitamfuata hadi ng'ambo ya Kagera."

Mabega yakaanza kutikisika, na haikujulikana kama ni kicheko au ni woga. "Sawa, waitu," alisema, kwa neno la heshima la Kinyambo. "Nitafumba macho."

Akaenda, akatapatapa, akalegea, macho ameyafumba kama mtoto anayepakwa dawa. Filimbi ikalia, Benadeta akaingia. Safari hii maiti alimngoja. Mkono ulisita, tuseme muda wa kuhesabu tatu, kisha ukapita chini ya kwapa, ukakumbatia kifua, ukainua kidevu kutoka majini. Alikuwa mgumu kama gogo, na gogo halivutiki vizuri.

"Legea, mwanangu," Benadeta alimwambia sikioni. "Nimekushika."

Mugisha akalegea. Ndipo Benadeta alipohisi uzito halisi wa kijana, na moyo wake ukipiga mbio kama wa kuku aliyekamatwa, akamwonea huruma iliyomshangaza. Alipiga miguu kwa mwendo wa Salamu Maria, teke moja kwa kila neno. Katikati pumzi ikamwishia na goti likalalamika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akaendelea. Katika Salamu Maria ya tano mgongo wake ukagusa tope la ukingoni. Vijana wa Kimuli walikuwa wamesimama, na hakuna aliyecheka.

Zamu ya Mugisha kumtoa mkwewe ilipofika, Benadeta ndiye aliyefumba macho, na hakuyafumbua mpaka aliposikia hatua za mtu zikiondoka. Seif alitia saini mbili bila kusema mengi. Alisema tu kwamba amefundisha watu wengi na hajapata kuona maiti wenye adabu kama hawa.

Kwao, aliyevuka mpaka wa ukwe hutoa kuku wa kuomba radhi. Jumapili baada ya misa Benadeta alimfunga jogoo miguu, akashika njia ya kwa Mugisha, na kwenye kona ya kahawa akamwona Mugisha anakuja na tetea kwapani. Walisimama mbalimbali. Kila mmoja akamweka kuku wake chini, akaingia migombani, akazunguka, akatokea upande wa pili na kumchukua wa mwenzake. Athanasi aliposimuliwa alisema biashara hiyo ameielewa, amepoteza jogoo na kupata mayai.

Lambo halikufungwa. Benadeta hukaa upande wa madumu, Mugisha upande wa ng'ombe, maji katikati. Nchi kavu heshima imerudi palepale, na wakikutana njiani mmoja bado huingia migombani. Ila asubuhi, kabla watoto hawajafika kuchota, filimbi ya ng'ambo hulia mara moja, fupi, na haimo katika ishara alizofundisha Seif. Benadeta huweka chini kikombe chake cha uji, akapuliza ya kwake, ndefu kidogo. Ainembabazi anasema siku hizi hana kazi tena ya kubeba salamu.