Figa la Mbuke

Mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini, wakubwa walichoma nyumba za watu upande wa Mugeta, wakawapakia kwenye malori kama pamba, wakawamwaga uwandani. Masatu alipanda lori na kitu kimoja tu: figa la jiko la mkewe Mbuke, aliyezikwa nyuma ya zizi. Kwao mtu akihama hubeba figa moja la jiko la zamani, ili waliokufa wasipotee njia.

Watu wakawa wanatoroka kurudi mahameni. Ndipo mwenyekiti wa kijiji akamleta Ngolo, mtu wa maonyesho, mwenye koti jekundu, ngoma na turubai kubwa. Jua la mchana lilimwakia, na chini hakuwa na kivuli. Watu waliona. Alikuja na mwenyekiti, nani aseme?

"Kiingilio ni figa," alisema Ngolo. "Ndani utamwona marehemu wako, mzima kabisa."

Wakacheka, mawe si yamejaa porini? Lakini ya porini aliyatupa. Alitaka yenye masizi.

Silasi, jirani yake Masatu, alitoa lake akaingia. Alitoka anacheza.

"Umemwona mama?" Masatu alimwuliza.

"Mama gani?"

"Aliyekuzaa, wewe. Si tulimzika wote kule mlimani?"

"Acha uchuro, Masatu. Mimi nilizaliwaga hapa hapa."

Na kijiji kilikuwa hakijavuna hata pamba ya kwanza.

Mwenyekiti alikuwa pembeni anatafuna muhogo. "Sasa nani atatoroka? Toa jiwe, mzee, usitucheleweshe wenzako."

Sauti ikatoka turubaini. "Masatu, leta figa, chungu kinainama." Ilikuwa ya Mbuke, na ukali wake wote. Masatu alisogea mpaka akashika pazia. Ngolo akanyoosha mikono kama anayepokea mtoto.

"Nikitoka nitamkumbuka?"

"Ukitoka hutaumia tena."

"Sijauliza hilo."

Masatu akapandisha figa begani, akashika njia ya mahameni.

"Unaniacha na watu hawa?" Mbuke aliita.

Alijua ni yeye, hakujidanganya. Lakini akiingia, kaburi lile atalijua nani, mwenyekiti? Mbuke akaita tena, sasa analia. Masatu naye alikwenda analia, jiwe likimchubua bega, na hakugeuka.