Debe la Lango la Chumvi

Mwanahija alilifunga debe tupu kwenye ubao wa lango. Bamvua, maji makuu ya bahari, lilikuwa linajaa. Baba yake, Mtoro, mchunga lango wa mashamba ya chumvi, alikuwa nyumbani kalazwa na homa, hana hata wa kumpa maji ya kunywa. Na shamba lazima linywe maji ya bahari, lakini yakipita alama, chumvi ya mwezi mzima inayeyuka. Rajabu msimamizi alikwisha kula yamini: shamba likiharibika tena, Mtoro aende zake.

Mwanahija alitaka lango lijifunge lenyewe apate kurudi kwa baba, na alichokuwa nacho ni neno tu. Juzi Mwalimu Bwanaheri alilisoma gazetini: saibanetiki.

"Asili yake Kiyunani, kazi ya mshika usukani," aliwaambia wanafunzi. "Chombo kikienda upande, anaona, anakirudisha. Sasa wataalamu wanalitumia kwa mashine inayopata habari za kazi yake ikajirekebisha. Hata mwili wako, ukipata joto unatoa jasho."

Maji yakaingia. Debe likaelea, likapanda, na ubao ukapanda nalo. Lango likazidi kufunguka.

Sivyo. Habari ilifika, lakini badala ya kulizuia lango ilikuwa inalichochea. Akaukandamiza ubao kwa kifua mpaka ukashuka. Akafungua fundo, akalijaza debe tope nusu, akaipitisha kamba juu ya boriti ya lango, ncha moja ubaoni, ya pili kwenye debe. Debe likaning'inia ndani ya shamba, likauinua ubao. Maji yakaanza tena. Vimebaki vidole vinne kufika alama.

"We mtoto, baba yako yuko wapi?"

Rajabu alikuwa amesimama juu ya tuta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimekuuliza baba yako." Akaanza kuteremka kuliwahi lango.

"Usiguse, mjomba. Niwie radhi." Hajapata kumkataza mtu mzima tangu azaliwe.

Vidole viwili. Rajabu akapandisha kanzu yake. Kimoja. Debe likatikisika, likaelea, kamba ikalegea, ubao ukashuka. Maji yakatulia penye alama.

Rajabu akachuchumaa, akalitazama lile debe.

"Sasa debe likichunga lango, Mtoro wa nini tena?"

Mwanahija hilo hakulifikiria. Akainama, akalifungua fundo polepole, kamba akaizungushia mkononi.

"Kulifunga debe hili anajua baba peke yake," alisema, macho chini. "Akipona, mwulize."