Nipe Visiwa

Kabla hujakaa, nitegulie hiki: watoto wawili wanavutana shati, na mvaaji yumo ndani. Ukishindwa, nipe mji.

Mjukuu wangu Mutanu, anayeniita Susu, yaani bibi, alishindwa, tena asubuhi ya fainali ya mashindano ya historia pale maktaba ya mji wetu, Blacktown. Mshindi alikuwa anaenda Canberra, mji mkuu, na Mutanu hakuwa amekula vizuri wiki nzima. Tulikuwa jikoni, ananifanyia mazoezi ya vita vya Falkland. Mahamri mawili yalikuwa visiwa, vijiko vikawa meli.

"Waargentina wameuteka mji. Waingereza wako njiani, wiki na wiki baharini. Wanashukia upande huu, mbali na mji. Halafu meli iliyobeba helikopta zao inapigwa." Akapindua kijiko. "Basi Susu, askari wanatembea. Matope, baridi, mizigo mgongoni."

Nilikuwa nimesahau chai yangu. "Wanafika?"

"Wanafika, mji unarudi."

"Haya, na shati langu?"

"Limenishinda. Nakupa Blacktown."

"Blacktown nitaiweka wapi na magari yote yale? Nipe hivyo visiwa."

Akacheka, akanisukumia sahani. Kisha akairudisha kwake pole pole, akayakodolea mahamri macho. Mama yake akapiga honi nje, tukatoka mbio.

Maktabani walibaki wawili: Mutanu na Douglas wa akina Owuor, yule anayejua kila meli kwa jina. Jaji akauliza swali la mwisho: visiwa vile vilikuwa vya nani? Douglas akasema vya Waingereza, akamwaga miaka na mikataba mpaka nikaona Canberra inatuponyoka.

Zamu ya Mutanu. Mkoba wangu niliubana karibu upasuke.

Mwishowe akasema, kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha darasa la saba lakini jibu hili nililipata lote: "Leo Susu aliniomba nimpe visiwa hivyo. Nikataka kumpa, halafu nikaona sina ruhusa. Mle mlikuwa na watu, wafugaji wa kondoo. Wengine walitoa matrekta yao yabebe mizigo ya askari kwenye matope. Hao ndio ningewauliza kwanza."

Jaji akaweka kalamu chini. Mutanu hakumtazama. Alinitafuta mimi kwenye viti, akageukia Kiswahili mbele ya umati wote:

"Susu, mvaaji ni watu wa visiwani. Nirudishie Blacktown yangu."